Tusihukumu Gia Boksi Kabla ya Kupima



Wapendwa wasomaji, baadhi yenu mmetuuliza, wengine kwa utani na wengine kwa masikitiko, kwa nini kwa majuma matatu mfululizo mmemwona paroko wenu akifika vigangoni kwa bodaboda, kanzu ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko. Jibu fupi ni kwamba gari la parokia lilikuwa bovu. Jibu refu ndilo tunalotaka kulitoa juma hili, kwa sababu lina fedha zenu ndani yake, lina jina jema la kijana wetu mmoja, na lina kosa letu sisi wenyewe.

Gari lenyewe mnalijua: ni dogo, la gia otomatiki, lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko, kama yalivyo magari mengi ya nchi yetu. Jioni moja, tukirudi kutoka kigango cha mbali tulikokwenda kumpelekea mgonjwa Komunyo, taa ya gia ilianza kumwetamweta mbele yetu. Gari likashtuka kwa kishindo, kama mtu aliyesukumwa mgongoni bila kutarajia, kisha likang'ang'ania gia moja. Tulikanyaga mafuta, injini ikalia kwa uchungu, mwendo haukuongezeka. Tulifika nyumbani usiku kwa mwendo wa baiskeli. Asubuhi yake, gari lilipokuwa limepoa, liliwaka na kwenda vizuri kana kwamba halijawahi kuugua. Jua lilipopanda, ugonjwa ukarudi.

Sasa, majuma mawili kabla ya siku hiyo, kijana mmoja fundi, jirani wa parokia na mwanajumuiya mwenzenu, alikuwa ametubadilishia oili ya gia. Sisi hatukuhitaji ushahidi zaidi. Mbele ya wajumbe wanne wa halmashauri ya walei tulitamka: "Kijana yule ametuharibia gia boksi." Neno hilo halikulala ofisini. Kabla ya Dominika iliyofuata, watu watatu walikuwa wamekwenda kuchukua magari yao kutoka kwenye karakana yake, mmoja likiwa bado halina magurudumu.

Seminarini, katika mwaka wa kwanza wa falsafa, tulifundishwa makosa ya kufikiri, na moja ya yale ya mwanzo lilikuwa hili waliloliita kwa Kilatini post hoc, ergo propter hoc: jambo hili limetokea baada ya lile, basi limesababishwa na lile. Tulilijibu vizuri kwenye mtihani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, tulianguka ndani yake mbele ya mashahidi wanne.

Karakana ya kwanza tuliyoiendea ilisikiliza maelezo yetu kwa dakika tano, ikaendesha gari mpaka njia panda na kurudi, ikatoa hukumu: gia boksi imekufa, iletwe nyingine ya mtumba kwa shilingi milioni 2 na laki 8, pamoja na ufundi. Halmashauri ilianza kuutazama mfuko wa mabati ya kigango. Fundi wa pili alicheka aliposikia hukumu ile. Akasema si gia boksi, ni kompyuta yake, tumpe laki 4 akaitafute mjini. Lakini naye hakuwa amefungua hata boneti. Tukawa na hukumu mbili zinazopingana na hakuna ushahidi hata mmoja.

Hapa inafaa tueleze kitu chenyewe, kwa maana wengi wetu tunaendesha magari haya bila kujua kilichomo. Gia otomatiki si jambo jipya. General Motors ya Marekani ilitangaza gia yake iliyoitwa Hydra-Matic mwaka 1939, na haikuwa na kompyuta yoyote. Oili yenyewe kwa mgandamizo wake, ikisaidiwa na vali na springi, ndiyo iliyoamua lini gia ibadilike. Ilikuwa baadaye sana, hasa kuanzia miaka ya 1980, ambapo watengenezaji wengi walikabidhi uamuzi huo kwa umeme. Leo, katika magari mengi, kuna kisanduku kidogo kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja, ambacho hupokea habari kutoka kwa sensa: injini inazunguka kasi gani, magurudumu yanakwenda kasi gani, dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, oili ina joto gani, mkono wa gia uko wapi. Kikishapima yote hayo hupeleka umeme kwenye vali ndogo ziitwazo solenoidi, zilizomo ndani ya gia boksi, nazo hufungua na kufunga njia za oili. Oili husukuma, sahani hubana, gia hubadilika.

Katika baadhi ya magari kisanduku hicho kimeunganishwa na kompyuta ya injini. Katika mengine kimo ndani ya gia boksi yenyewe, kikioga oili. Na katika mengine, kama letu, kimekaa peke yake nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Kikipoteza imani na habari kinazozipata, au chenyewe kikiugua, gari hujihami: hubaki katika gia moja ili mwenye gari aweze angalau kufika nyumbani. Kwa dereva, dalili ni ile ile iwe kimekufa kisanduku, umekatika waya, imekwama solenoidi, au zimeungua sahani za ndani. Ndiyo maana mtu anayetoa hukumu kwa kuendesha mpaka njia panda na kurudi anabahatisha, hata kama ana ndevu nyeupe.

Tulipelekwa na mwanakwaya mmoja kwa mzee fulani, fundi umeme wa magari, ambaye karakana yake ni turubai, meza na mwembe. Tulimsalimu, "Shikamoo, mzee wangu." Akatujibu na kusikiliza habari yote, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetuuliza: "Baba, zulia la upande wa abiria huwa linalowa?" Hatukujua. Hatukuwahi kuligusa. Akasema, "Mimi nitakuuzia vipimo kwanza. Elfu 60. Spea tutaizungumza baadaye, kama itahitajika."

Tunakiri kwamba moyoni tuliona ni ghali. Elfu 60 kwa kupima tu! Tulikuwa tayari kufikiria milioni 2 na laki 8 kwa kubahatisha, na tukasita mbele ya elfu 60 kwa kujua.

Alianza na oili. Alichomoa kijiti, akafuta kwa kitambaa cheupe, akanusa. Ilikuwa nyekundu, safi, isiyo na harufu ya kuungua, na kipimo chake sawasawa. Akaomba aletwe yule kijana aliyeibadilisha. Kijana alikuja na dumu tupu mkononi, alikuwa amelitunza. Mzee akasoma maandishi yake, akalinganisha na kitabu cha gari: ni aina ile ile iliyotakiwa. Hakusema kitu. Kijana naye hakusema kitu, ila alitutazama.

Baadaye mzee aliunganisha mashine ya kusomea hitilafu. Zilitoka namba mbili. Ya kwanza, P0700, husema tu kwamba kuna hitilafu katika mfumo wa gia. Ni kama kengele ya mlangoni, inakuambia kuna mtu lakini haikuambii ni nani. Ya pili, P0753, huhusu umeme wa solenoidi ya kwanza. Hapo wengi wangekimbilia kununua solenoidi. Mzee akatufafanulia kwamba namba haitaji kifaa kilichokufa. Inataja njia ya umeme yenye shida, na njia ina mianzo, miisho na katikati.

Akachukua mita. Betri ilikuwa na volti 12.5. Umeme uliofika kwenye soketi ya kompyuta ya gia ulikuwa volti 12.4, basi fyuzi na nyaya za kuingilia zilikuwa nzima. Akapima waya wa ethi, kwa maana kompyuta nyingi zisizo na kosa zimetupwa kwa sababu ya ethi yenye kutu. Nao ulikuwa mzuri. Akapima solenoidi kupitia soketi ile ile, bila kufungua gia boksi: omu 13, na kitabu cha gari kilitaka kati ya 11 na 15. Akatikisa nyaya kwa urefu wake wote huku akiangalia mita, kipimo hakikuruka. Kisha akafanya jambo lililowachekesha watoto waliokuwa wakitutazama. Aliazima kikausha nywele kutoka saluni ya jirani, akakipuliza kisanduku kwa joto la wastani huku gari likiwa limewashwa. Baada ya dakika chache, umeme uliokuwa ukitoka kwenda kwenye solenoidi ukatoweka, ilhali umeme wa kuingia ulikuwa pale pale. Kilipopoa, ukarudi. Akarudia mara tatu ili asije akadanganywa na bahati.

Ndipo akakifungua. Kwenye pembe moja kulikuwa na kutu ya kijani na alama ya maji, na viungo vya risasi karibu na hapo vilikuwa vimeliwa. Akainua zulia la upande wa abiria: chini yake palikuwa na maji. Bomba dogo linalotoa nje maji ya kiyoyozi lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Kwa muda gani, hatujui. Lakini kila tulipowasha kiyoyozi katika joto la mchana, maji yaliyopaswa kudondoka barabarani yalirudi ndani na unyevu wake ukapanda taratibu mpaka kwenye kisanduku.

Basi mnaona. Fundi wa pili, aliyesema ni kompyuta, alikuwa amepatia. Lakini alipatia kama mtu anayerusha jiwe gizani. Kama tungempa laki 4, angefunga kisanduku kizima mahali palipolowa, gari lingekwenda vizuri kwa miezi kadhaa, na nacho kingekufa kwa maji yale yale. Nasi tungesema tumeuziwa spea mbovu, tukamchafua mtu mwingine.

Jambo hili si la mwembe wa mzee huyo peke yake. Wanaoyajua magari ya Mercedes-Benz yenye gia ya kasi tano iliyoanza kutumika mwaka 1996, ile mafundi huiita 722.6, wanafahamu ugonjwa wake maarufu. Pale nyaya zinapoingia ndani ya gia boksi kuna kipande cha plastiki chenye mipira ya kuzuia oili. Mipira ikichoka, oili hupenya na kupanda ndani ya nyaya, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, mpaka ifike kwenye kompyuta iliyo mbali. Anayebadilisha kompyuta na kuuacha mpira ule, ambao bei yake ni ndogo kabisa, anaandaa mazishi ya kompyuta ya pili.

Kuna pia mfano wa upande wa pili. Toyota RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilijulikana kwa gia zinazobadilika kwa vishindo, na chanzo kilichotambuliwa kilikuwa kompyuta, ambayo katika gari hilo ni moja kwa injini na gia. Ilipoachwa iendelee kuamuru vibaya, gia boksi nzima nayo iliweza kuharibika. Anayefunga gia boksi nyingine na kuiacha kompyuta ile ile anaikabidhi gia mpya kwa bwana yule yule aliyeua ya kwanza.

Na kuna mfano unaotuchoma zaidi sisi tuliohukumu. Ford ilitengeneza gia iitwayo PowerShift kwa ajili ya Focus na Fiesta za miaka ya mwanzo ya 2010. Wateja walilalamika kwamba magari yanatetemeka na kupoteza nguvu, na kompyuta ya gia ilikuwa miongoni mwa vilivyoharibika, hata huko Marekani kampuni ikarefusha dhamana ya kompyuta hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000, yaani kilomita kama 240,000. Huko Australia, baadhi ya wateja waliambiwa kwamba mtetemo ule ulitokana na namna wao wenyewe wanavyoendesha. Mwezi Aprili mwaka 2018, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa namna ilivyoyashughulikia malalamiko yale. Kampuni kubwa yenye wahandisi wake ilimlaumu mtu kabla ya kuishughulikia hitilafu ipasavyo. Sisi tulifanya hivyo hivyo bila mhandisi hata mmoja, wala hapakuwa na mahakama ya kututoza.

Turudi kwenye gari letu, kwa faida ya wale ambao watalazimika kubadilisha kisanduku kama hiki. Mambo manne tuliyojifunza chini ya mwembe yanafaa kuwekwa akilini.

Kwanza, namba. Juu ya kisanduku kuna karatasi yenye namba na herufi. Kinachonunuliwa kiwe na namba ile ile mpaka herufi ya mwisho, isipokuwa mtengenezaji mwenyewe amesema nyingine inafaa badala yake. Gari la aina moja, la mwaka mmoja, lenye rangi moja, linaweza kuwa na kompyuta tofauti kwa sababu injini au gia boksi ni tofauti. Chetu kilipatikana Gerezani, Dar es Salaam, kikiwa cha mtumba, kwa shilingi laki 2 na elfu 80, baada ya mzee kutuma picha ya karatasi ile na kukataa vingine viwili vilivyofanana nacho kwa macho tu. Wenzetu wa Nairobi wanaotafuta barabara ya Kirinyaga, au wa Kampala wanaotafuta soko la Kisekka, washike sheria hiyo hiyo.

Pili, tuulize mapema kama kinahitaji kuandikiwa programu. Katika magari ya zamani kidogo, kama letu, kisanduku hufungwa na kufanya kazi. Katika magari mengi ya karibuni, ni lazima kiingiziwe programu na namba ya chasisi, na katika baadhi ya magari yenye gia za CVT ni lazima kinakili vipimo maalumu vya gia boksi ile ile iliyomo garini. Kazi hiyo ikifanywa kwa betri dhaifu na umeme ukakatika katikati, kisanduku kinaweza kufa mezani. Asiye na uwezo wa kuandika programu asinunuliwe spea kwanza.

Tatu, ufungaji wenyewe ni mwepisi kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu hufanywa kwa haraka. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Fundi hugusa chuma cha bodi ili umeme uliomo mwilini usirukie kwenye kisanduku. Soketi haivutwi kwa nyaya zake. Kufuli yake ndiyo hubanwa. Pini zake hutazamwa kwa tochi, moja moja, kama kuna iliyopinda au iliyooza, kwa maana soketi yenye kutu hukiambukiza kisanduku kipya.

Nne, baada ya kufunga, gari lipewe muda. Namba za zamani za hitilafu zifutwe, oili ipimwe ikiwa ya moto kama kitabu kinavyoagiza, kisha gari liendeshwe taratibu, kwa kukanyaga mafuta kidogo, ili kompyuta ijifunze upya tabia ya gia boksi hiyo. Nusu saa ya kwanza gia zetu zilibadilika kwa ugumu kidogo, nasi tukaanza kulalamika. Mzee, aliyeketi pembeni yetu, akatuambia, "Subiri, Baba. Wamekutana leo." Kabla ya kufika stendi, zilikuwa zinabadilika bila sisi kuhisi.

Bomba la kiyoyozi lilizibuliwa kwa waya na pumzi, zulia likaanikwa juani siku mbili. Gharama zote, pamoja na vipimo na ufundi wa elfu 40, zilifika shilingi laki 3 na elfu 80. Mabati ya kigango yamebaki salama, na risiti ziko kwa mhasibu kwa yeyote anayetaka kuziona.

Sasa tunafika kwenye maoni yetu, ambayo pengine hayatawapendeza wote. Wengi tunapenda kusema kwamba mafundi wetu ni waongo. Wapo waongo, kama walivyopo katika kila kazi, ya kwetu ikiwamo. Lakini tunaamini kwamba sehemu kubwa ya ubahatishaji huu tumeinunua sisi wenye magari. Sisi hulipia vitu vya kushikika. Fundi akituonyesha chuma kilichofungwa kwenye nailoni, tunatoa fedha. Akituambia anataka siku nzima ya kupima na alipwe kwa siku hiyo, tunamwita mwizi na kwenda kwa jirani yake anayetoa jibu papo hapo. Basi naye, mwenye watoto wa kulisha, atauza nini? Atauza spea, kwa sababu hiyo ndiyo bidhaa pekee tunayokubali kuilipia. Na mwenye maarifa ya kupima atayaacha yafe, au atayatoa bure kwa uchungu.

Tumesikia pingamizi. Wengine husema fundi mzoefu anajua kwa sikio. Ni kweli, na tunauheshimu uzoefu huo. Bearingi iliyokufa hulia, na sikio lililozeeka kazini huisikia. Lakini risasi iliyopasuka ndani ya kisanduku haitoi sauti. Wengine husema mashine ni ghali. Vipo siku hizi vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyosoma hitilafu kupitia simu, ingawa tuwe waangalifu: vingi husoma habari za injini tu na havifiki kwenye kompyuta ya gia. Na wengine husema, kwa haki kabisa, kwamba maskini hana elfu 60 ya kupimisha. Hapo jibu letu ni kwamba maskini ndiye asiye na uwezo wa kukosea kwa milioni 2. Tajiri anaweza kununua gia boksi kwa kubahatisha na akanunua tena. Mwenye teksi mmoja, anayelipa mkopo wa gari kila mwisho wa mwezi, akibahatisha mara moja amekwisha.

Kwa hiyo tumekubaliana na halmashauri ya walei kwamba kuanzia sasa gari la parokia halitafungwa spea yoyote kubwa bila karatasi yenye vipimo: nini kilipimwa, kilikuwa na kiasi gani, kilipaswa kuwa na kiasi gani, na kwa nini kifaa hiki ndicho kinachohukumiwa. Kazi ya kupima italipwa kivyake, hata kama jibu litakuwa kwamba hakuna cha kununua. Kifaa cha zamani kitarudishwa tukione. Tunawaomba nanyi, mnapopeleka magari yenu, pikipiki zenu, hata pampu za maji za mashambani, muulize swali hilo moja: "Umepima nini?" Na mkiishajibiwa vizuri, mlipe bila kunung'unika.

Limebaki moja, nalo ni deni. Amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo, nasi tumewafundisha watoto wenu kwamba kutojua si kinga pale ambapo mtu angeweza kuuliza. Tungeweza kuuliza. Dumu la oili lilikuwapo siku zote, hatua mia mbili kutoka mlango wa nyumba yetu. Tulipokwenda kwa kijana kumwomba radhi, alitukaribisha kwenye kigoda, akasema, "Yameisha, Baba." Lakini hayakuwa yameisha, kwa sababu tulimchafua mbele za watu na tulikuwa tunamsafisha sirini. Kwa hiyo tuliwaita wale wajumbe wanne tukarudia mbele yao, na leo tunarudia mbele yenu nyote: kijana yule aliifanya kazi yake kwa usahihi, kwa oili sahihi, kwa kipimo sahihi. Kosa lilikuwa la maji, na lingine lilikuwa la ulimi wetu.

Wale watatu mliochukua magari yenu kwa sababu ya neno letu, tunawasihi myarudishe. Gari la parokia limekwisha kurudishwa kwake tangu Jumatatu; anabadilisha pedi za breki, na safari hii tumemkuta akizipima unene kabla ya kutuambia kama zinahitaji kubadilishwa.

Tunawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko